RAM ya Ukoo

Kompyuta kuukuu ikiwashwa baada ya kukaa muda mrefu, vumbi lililoganda kwenye feni hupata joto na kutoa harufu yake ya pekee. Ni kama nywele zilizoungua kidogo, zikichanganyika na udongo na plastiki. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kulamawe aliniletea dukani mashine ya mezani ya namna hiyo, imefungwa kwa shuka. Akaniambia, "Dada, watoto wanataka kuchezea gemu, na mimi ya kununua mpya sina. Niongezee nguvu kidogo tu, iache kulala-lala." Nikaichomeka nione inavyoamka. Harufu ikapanda, nami nikavuta kiti nikaketi.

Wanaonijua hapa Isiolo wanajua kwamba mimi si mtu wa kuketi kazi ikiwa mezani. Nina diploma yangu, niliyoisomea kwa jasho langu huku wenzangu wakilipiwa. Nilifanya kazi Doha miaka saba, mwanamke peke yangu katika karakana ya wanaume kumi na wanne, na walipokwama waliniita mimi. Duka langu lina milango miwili ya kioo na mafundi watatu, wote wavulana, wote wananiita bosi. Nyumba anayokaa Mama kule Chechelesi nimeijenga mimi, nikaiwekea vigae hadi jikoni. Toka hapa mpaka Moyale sijakutana na mashine iliyonishinda. Nayasema haya wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka mjue kwamba anayewasimulia si mtu wa kulialia. Ninyi wa rika langu mtakumbuka siku ambazo kompyuta ikiingia nyumba fulani, mtaa mzima ulikuja kuiangalia kama vile watu wanavyokuja kumwangalia mgonjwa.

Ya kwetu ilifika kwa mkokoteni. Baba alikuwa bawabu wa ofisi ya shirika moja dogo la msaada, na lilipofunga milango wafanyakazi wakagawana vyombo. Mpishi alichukua jiko, dereva akachukua matairi, na Baba akapewa kompyuta kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa ile aina nyembamba ya ofisini, inayolazwa chini ya skrini, na nguvu yake ilitosha kuandika barua. Baba akaiweka juu ya sanduku la bati katika chumba cha kaka yangu Halkano, maana Halkano ndiye aliyekuwa ndani kila saa.

Halkano alikuwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alikuwa Biliqo akichunga ng'ombe wetu sita, na wale sita nao walikuwa na historia yao. Ukame ulikuwa umetumaliza. Sisi Waborana tuna sheria inaitwa busa gonofa: mtu akipoteza mifugo yake yote, huwaendea watu wa ukoo wake akaomba, nao hawawezi kumnyima. Huyu hutoa mtamba, yule ng'ombe wa maziwa, mpaka mwenzao asimame tena. Ndivyo Baba alivyopata ng'ombe sita. Kisha alfajiri moja wakaja wezi wa mifugo, wakawaswaga wote, na risasi moja ikampata Halkano mgongoni. Waliomleta Chechelesi walimleta juu ya godoro. Miguu alirudi nayo, lakini haikumsikia tena.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilielewa mambo kwa akili ya umri huo. Halkano alipogeukia ukuta na kukataa chakula, nilidhani amechoka kukosa kazi, kama sisi watoto tunavyochoka mvua ikitufungia ndani. Mama alipomgeuza asubuhi na jioni alinitoa nje, kwa hiyo kidonda cha mgongoni sikukiona hata siku moja. Nilisikia harufu tu, na nilidhani ni harufu ya dawa. Nilifurahi ilipozidi, nikiamini amepewa dawa kali zaidi.

Siku moja rafiki yake wa zamani alimletea sidii ya gemu ya mpira wa miguu. Halkano kabla ya kwenda Biliqo alikuwa winga wa timu ya mtaa. Tukaiweka gemu, tukasubiri, wachezaji wakatokea. Lakini walitembea kana kwamba uwanja ni wa matope, hatua moja, kisha wakasimama, kisha hatua nyingine, halafu picha nzima ikaganda mpira ukiwa hewani. Halkano akatazama kwa muda mrefu.

"Hawa nao wamepigwa risasi," akasema, akacheka.

Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Siku hiyo niliamua kwamba wale wachezaji lazima wakimbie. Moyoni nilienda mbali zaidi, nikajiambia kwamba wakikimbia wao, na yeye ataamka.

Kando ya soko palikuwa na kibanda cha fundi mmoja Mmeru, jina lake Mwenda, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Nilimpelekea mashine kwa mkokoteni uleule. Akaifungua kwa bisibisi, akapuliza, vumbi likamrudia usoni.

"Nani kakwambia hii inaweza gemu?" akaniuliza huku akipangusa miwani. "Huyu ni mzee wa miaka sabini, amekula shiba yake, wewe unamwambia akimbie uwanjani."

"Atakimbia ukimpa nini?"

"Aa, unauliza vizuri." Akahesabu kwa vidole vyeusi. "RAM aliyo nayo, yaani kumbukumbu yake, ni ya aibu. Anataka mbili kubwa. Hapa kwa picha anataka kadi yake mwenyewe, tena ile fupi, maana tumbo lake ni jembamba. Halafu asafishwe mapafu. Uko na pesa?"

"Sina."

"Basi mzee wako alale."

Njiani kurudi niliwaza, na jibu nililolipata halingemjia mtoto wa fundi Mwenda wala mtoto wa mtu mwingine yeyote asiyekulia kwetu. Tulikuwa tumepoteza mifugo, na sheria ilikuwepo. Sikuona kwa nini mtu aombe ng'ombe tu.

Ndugu mdogo wa Baba, Abera Duba, alikuwa na saiba mjini, duka la intaneti lenye kompyuta nane na nyingine zilizokufa zimepangwa nyuma. Abera ndivyo tunavyomwita baba mdogo. Nilimkuta mlangoni na wanaume wanne wakinywa chai. Nikawasalimu, salaam aleikum, nikasimama mikono nyuma, nikasema kama nilivyokuwa nimesikia wakubwa wakisema: kwamba nyumba ya baba yangu, Wario, imebaki mikono mitupu, na nimekuja kwa watu wangu kuomba busa gonofa.

Kisha Abera Duba akaweka kikombe chini.

"Sikieni! Msichana wa Wario amekuja kuomba. Unataka nini, intala, binti yangu? Ng'ombe?"

"RAM, abera."

Wanaume wakaangua kicheko. "Ng'ombe wa umeme!" akasema mmoja. "Anakamuliwa wapi huyo?" Mwingine akampiga Abera begani: "Haya, mnyime tuone! Ukoo utakutoza faini."

"Ni ya Halkano," nikasema. "Hali chakula."

Kicheko kikaisha. Abera Duba aliingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka na kipande kirefu chembamba cha RAM kilichotolewa kwenye mashine mfu. Akakiweka kiganjani mwangu kwa mikono miwili, jinsi kitu cha heshima kinavyotolewa.

"Sema umepokea," akasema.

"Nimepokea, abera."

"Ukoo umekupa. Nenda kwa shangazi yako pale ofisini kwake, mwambie mimi nimetoa. Naye atoe."

Shangazi alitoa. Ndani ya siku mbili nikawa na RAM mbili, na majigambo ninayojulikana nayo leo nadhani yalizaliwa wiki ile. Mtaa mzima ulijua kwamba mtoto wa kike ameomba mbele ya wanaume na akapewa.

Ilibaki kadi ya picha. Mwenda alikuwa nayo, ya mtumba, ndani ya soksi.

"Na mimi Mmeru, kwa huo ukoo wenu nakaa wapi?" akaniuliza.

"Wewe hulazimiki."

"Nikikataa?"

"Hakuna kitu. Ni wewe na Mungu wako tu."

Akacheka mpaka akavua miwani. Tukapatana kwamba nitamfagilia kibanda likizo yote. Pale ndipo nilipojifunza kazi, si darasani. Alinionyesha kusafisha meno ya RAM kwa kifutio cha penseli. Tulipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, huku amezuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kadi ilipokataa kuingia kwa sababu bati lake lilikuwa refu, alilikata kwa msumeno, akaifunga kadi kwa waya wa shaba isicheze. Na akanifundisha kusikiliza.

"Akiamka na mlio mmoja mfupi, ni mzima. Akilia milio mirefu, mirefu, bila kunyamaza, haoni RAM yake. Amekosa kumbukumbu tu, hajafa. Usije ukamzika mtu aliyesahau viatu."

Mashine ikalia mara moja, fupi. Wachezaji wakakimbia.

Sijapata kuona kitu kizuri kama hicho, na nimeona majumba ya Doha. Halkano alilala kifudifudi, kifua juu ya mto, kibodi moja tukigawana, yeye upande wa kulia, mimi kushoto. Alinifunga mabao saba siku ya kwanza.

"Kipa wako ni mbuzi," akasema.

"Wewe ndio mbuzi. Umenisukuma mkono."

"Refa hajaona. Lia basi."

Alianza kula. Alimwita Mama amletee chapati, tena akataka chai ya pili. Mama alisimama mlangoni akitazama, unga mikononi, akarudi jikoni. Na jioni moja tukiwa tunakula, Baba, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alinigeukia kwa sauti ya mzee wa kikao.

"Sasa Talaso una mifugo ya ukoo. Unajua masharti yake?"

"Hapana, Aba."

"Haiuzwi. Haichinjwi. Haitolewi zawadi. Inatunzwa mpaka izae." Akaonyesha mashine kwa kidole chenye mchuzi. "Ikizaa, mtamba wa kwanza ni wangu."

Halkano alicheka hadi akakohoa. Wote walicheka. Mimi peke yangu niliyasikia maneno yale kama sheria, nikayarudia kichwani kabla ya kulala: haiuzwi, haichinjwi, haitolewi.

Wiki tatu tulicheza. Ya nne homa ikaja. Kwanza Halkano alitetemeka kidogo adhuhuri, akasema ni feni ya kompyuta inampulizia. Kisha akaacha kushika kibodi. Muuguzi mmoja jirani alikuja kumwona, akakaa ndani na Mama mlango ukiwa umefungwa, akatoka na kumwambia Baba uani kwamba kidonda kimeingiza sumu kwenye damu, kijana apelekwe Meru, na si kwa gari la abiria kwa sababu hawezi kuketi. Nilikuwa nimeinama nikiosha sufuria. Neno sumu lilinitisha, lakini nilijiambia kwamba watu wazima hupenda maneno makubwa.

Gari la kukodi lilitaka pesa ambayo Baba hakuwa nayo. Leo watu huniuliza, kwa nini hakuurudia ukoo? Ukoo ulikuwa umetoa ng'ombe sita, wakaenda. Ukoo ulikuwa umechanga mara ya kwanza Halkano alipopasuliwa. Ukame ulikuwa umebana kila mtu. Baba alikuwa mtu wa haya, na kuomba mara mbili msimu mmoja ni jambo ambalo uso wake haukuliweza. Akakumbuka mwalimu mmoja wa Kulamawe aliyekuwa ameiona kompyuta yetu ikicheza gemu na kusema, ukitaka kuiuza niite, nakulipa pesa taslimu siku hiyohiyo. Akamwita. Mwalimu akasema atakuja kesho baada ya sala ya adhuhuri.

Niliyasikia hayo. Usilete picha ya mtoto mchoyo aliyependa gemu kuliko ndugu yake, maana haikuwa hivyo, na sitamruhusu mtu aniambie ilikuwa hivyo. Kilichonishika ni hofu ya sheria. Nilikuwa nimepokea kwa mikono miwili na kusema nimepokea, mbele ya mashahidi. Baba mwenyewe alikuwa ameniambia masharti. Ng'ombe sita wa ukoo walikuwa wametutoka, na Halkano akaanguka. Niliunganisha mambo hayo kwa namna yangu: ukipoteza mali ya ukoo, mtu wa nyumbani huanguka. Nikaona kwamba tukiuza RAM zile, Halkano atakufa.

Kesho yake kabla ya adhuhuri Mama alienda kuchota maji, Baba alikuwa msikitini. Halkano alikuwa amelala macho yamefumba. Nikafungua skrubu mbili, nikachomoa RAM zote mbili, nikafunga tena. Nikazikunja ndani ya kitambaa na kuzitia kwenye chombo cha maziwa cha kufumwa, kilichokuwa kikining'inia ukutani bila kazi tangu ng'ombe waondoke.

Mwalimu alikuja na pesa kwenye bahasha. Baba akabonyeza kitufe. Mashine ikalia mlio mrefu, ikapumua, mrefu tena, mrefu tena. Skrini nyeusi. Baba akazima, akawasha. Ikalia vilevile.

"Jana ilikuwa inafanya kazi," Baba akasema. "Wallahi, mwalimu. Juzi watoto wamecheza hapa."

"Nakuamini, mzee. Lakini hii imekufa."

"Subiri kidogo. Talaso, mwite Mwenda."

Nilienda mbio, nikiomba nisimkute, na sikumkuta. Alikuwa amekwenda kwao kuzika, angerudi baada ya siku tatu. Mwalimu alimpa Baba pole, akarudi na bahasha yake. Mama alinikuta nyuma ya nyumba nikilia kwa hofu ya nilichokifanya. Alinikumbatia. "Usilie," akaniambia, "tutapata gari. Mungu atatoa."

Jioni Halkano aliniita. Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yakimeta.

"Milio mirefu," akasema. "Mwenda alikufundisha nini?"

Nikashika shuka lake, nikaanza kulikunja.

"Ziko wapi?"

"Ni za ukoo," nikasema. "Haziuzwi."

Alinitazama. Nilingoja anigombeze, au amwite Baba. Badala yake akacheka, kicheko kidogo kisicho na pumzi.

"Sawa," akasema. "Ziweke vizuri." Akageukia ukuta.

Nilitoka nikiwa nimefarijika, kwa kuwa mkubwa wangu amekubali. Nimeishi na maneno yale muda mrefu kuliko alivyoishi yeye. Huenda hakuelewa kwa sababu ya homa. Huenda alielewa yote, na alikuwa amechoka kugeuzwa asubuhi na jioni kama mkeka, akaona mlango nilioufungua bila kujua, akapita. Diploma yangu haikunifundisha kusoma kicheko.

Siku ya tatu jirani mwenye pikapu alikubali kumbeba kwa mkopo wa mafuta. Wakamlaza nyuma juu ya godoro lilelile. Alifika Meru akiwa hai. Kesho yake jioni walimrudisha amefunikwa, akazikwa asubuhi. Hakuna daktari aliyesema kwamba zile siku tatu ndizo zilizomuua. Wala hakuna aliyesema kwamba angefika siku tatu mapema asingepona.

Siku ya pili ya msiba Baba alikuwa nyuma ya nyumba akitia udhu kwa birika. Nikamwendea na kitambaa changu. Naandika haya na uso unaniwaka, lakini nilikuwa na fahari. Nilitaka apate jambo moja la kumfurahisha.

"Aba, mashine haikufa," nikasema. "Nilizitoa mimi. Hazikuuzwa."

Maji yaliendelea kumwagika kutoka kwenye birika mpaka yakaisha. Alizitazama RAM, kisha akanitazama mimi, na nikaona uso wake unazeeka, kweli nikiuona, kama ardhi inavyopasuka.

"Nani anajua?"

"Halkano."

"Mwingine?"

"Hakuna."

Akachukua kitambaa, akakitia mfukoni mwa kanzu. Nikafungua mdomo niulize kama nimekosea. "Calisi," akasema kwa Kiborana. Nyamaza. Ndilo neno pekee alilowahi kunipa juu ya jambo hilo maisha yake yote.

Alasiri wanaume wa ukoo walikaa kwenye mikeka uani, wanawake na Mama wakiwa ndani, dirisha wazi. Mimi nilikuwa nikigawa maji. Abera Duba ndiye aliyeanza, tena kwa upole.

"Wario, ile mashine. Si ungeuza? Nasikia mwalimu alikuja na pesa mkononi."

Baba akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya mkeka mbele ya wote.

"Nilizitoa mimi, kabla hajafika," akasema. "Mali ya ukoo haiuzwi."

Nilingoja wamsifu. Abera Duba alisimama, na sijapata kumwona tena mtu mpole akibadilika hivyo.

"Unasema nini? Ng'ombe wa ukoo hauzwi ili mtu asile starehe na kesho arudi kuomba! Mtu akiwa anakufa, ng'ombe huyo anauzwa kabla hajamaliza kunywa maji! Anachinjwa! Ndiyo kazi yake! Tulimpa mtoto ili aishi. Umesahau sheria, Wario, au ulimsahau mtoto?"

"Nilisahau," Baba akasema.

Ndani, Mama alilia sauti moja ambayo wanawake walishindwa kuinyamazisha. Nami nikiwa nimesimama katikati ya uwanja na birika langu, ndipo nilipoielewa sheria. Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema. Baba aliniangalia mara moja tu kupitia vichwa vya watu, na nikanyamaza, na nadhani nilinyamaza kwa furaha, kwa jinsi mtoto anavyofurahi fimbo ikimpiga mwingine.

Baada ya hapo hakuna kikao kilichomwita Baba kusema. Walimsalimu, wakamfanyia nafasi mkekani, lakini neno lake halikuulizwa. Mama alihamishia godoro lake chumba cha Halkano, akaishi humo. Walizungumza juu ya unga na paa linalovuja, basi. Baba alipata ulinzi wa usiku kwenye ghala moja, akaufanya mpaka mgongo ukapinda, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akijitetea hata kwa pumzi.

Alifariki nikiwa Doha. Mama ndiye aliyenipigia. Hakulia. "Baba yako ametangulia," akasema. "Amekwenda kukutana na mtoto aliyemnyima gari." Nilishika simu, nikasema inna lillahi, sikusema lingine. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nikisimamia mafundi wanne, na bado sikuwa na mdomo.

Sasa Mama anakaa kwenye vigae vyangu na wageni humjia. Mimi napenda kusifiwa, sikatai, na yeye anajua kunisifu: diploma, Doha, duka, nyumba. Lakini kila mara hufika palepale. Ijumaa iliyopita walikuja wanawake watatu kutoka Merti, na baada ya sambusa akaanza.

"Huyu mnayemwona," akasema, akinishika kifundo cha mkono, "alikuwa mdogo hivi. Yeye ndiye alitaka mashine iuzwe ndugu yake apone. Nilimkuta nyuma ya nyumba analia peke yake. Baba yake, mtu mzima, akakataa. Mtoto alikuwa na huruma kuliko mzee."

Wanawake wakanitazama kwa macho ya upendo. Mmoja akasema, "Mashallah." Mama hakuuachia mkono wangu, na kidole chake gumba kilikuwa kikinipapasa, taratibu, huku akingoja niseme neno.

Nikauchomoa mkono, nikainuka kuwaongezea chai.